Nyumba Yako Itazame Wapi? Mwongozo kwa Mwenye Haraka ya Kuchimba Msingi

Fundi anasimama katikati ya kiwanja, kamba mkononi, vigingi kwapani, anauliza: "Mama, uso tunaupeleka barabarani, si ndiyo?"

Dada yangu aliulizwa hivyo asubuhi moja huko Kibaha, akajibu kama wanavyojibu karibu wote: "Sasa fundi, tuupeleke wapi tena?" Maongezi yakaishia hapo. Vigae vya sebule alivizungukia Kariakoo siku tatu. Rangi ya geti ilijadiliwa na ukoo mzima kwenye kundi la WhatsApp hadi binamu mmoja akajitoa. Lakini mwelekeo wa nyumba yenyewe ulipewa sekunde kumi, na hizo pia fundi alizitumia kukohoa.

Vigae hung'olewa. Geti hupakwa rangi upya. Nyumba iliyokwisha kukaa juu ya msingi haigeuki hata ukikusanya kijiji kizima kuisukuma. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, kwa mapenzi na kwa ukali kidogo, kwa ajili yako uliyekwisha kununua saruji na unaona kila siku inayopita ni hasara. Mifano yangu ni ya pwani: Dar es Salaam, Kibaha, Tanga, Zanzibar, Mombasa. Wa nyanda za juu nimewawekea fungu lao karibu na mwisho, maana wao mambo yao yanageuka.

Vifaa: kijiti kilichonyooka cha urefu wa mita moja, kamba, mkeka, chupa ya chai, na siku moja nzima isiyo na mkutano.

Hatua ya 1: Acha kuitii barabara

Barabara ilichongwa na greda. Dereva wa greda hakuuliza jua linazama wapi, wala hakuwa na sababu ya kuuliza. Wewe unachukua mstari wake, unaulaza ukuta wako sambamba nao, halafu unaishi humo miaka thelathini. Nyumba si daladala, hata ilazimike kusimama ubavu kwa ubavu na barabara.

Najua sababu yako. Unataka mpita njia aone nguzo mbili za mbele, dirisha kubwa la sebule na bati la rangi. Ataona, atasema "mtu amejenga", kisha ataendelea na safari yake. Mpita njia hulala kwake. Utakayegaragara usiku huku feni ikikupulizia hewa ya moto ni wewe.

Wazee wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walilimaliza jambo hili zamani. Mtaa waliupa mlango wa nakshi, mzito, wa kuringishia kweli kweli. Maisha yenyewe wakayaelekeza ndani, kwenye uwanja wa katikati wenye kivuli na hewa. Nawe ipe barabara geti zuri na njia safi ya kuingilia, kisha nyumba iache itazame inakofaa. Mlango mkuu unaweza kukaa ubavuni na mgeni akaupata. Hakuna mgeni wa Kiswahili aliyewahi kupotea akikifuata chakula.

Hatua ya 2: Sikiliza maneno unayoyatamka tangu darasa la kwanza

Taja pande nne za dunia kwa sauti. Mashariki, magharibi, kaskazini, kusini. Sasa yatazame maneno hayo kama fundi anavyoutazama ubao.

Mashariki na magharibi yametoka katika Kiarabu, na yote mawili ni habari za jua: linakochomoza na linakozama. Kaskazini ni kwenye Kaskazi. Kusini ni kwenye Kusi. Hayo ni majina ya pepo, zilezile zilizoyaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi na kuyarudisha kwao. Basi pande mbili zimepewa jina la jua, na pande mbili zimepewa jina la upepo. Ukiitaka ramani ya nyumba ya pwani kwa sentensi moja, lugha ilishakuchorea: pande za jua zipe ukuta mfupi na madirisha machache, pande za upepo zipe ukuta mrefu na madirisha mapana.

Kwa maneno ya kiwanjani, nyumba ilale kutoka mashariki kwenda magharibi, kama mtu aliyelala kichwa mawioni na miguu machweoni. Mbavu zake ndefu zitazame kaskazini na kusini.

Na kuna jambo lingine ambalo kila nikilifikiria nalishangaa upya. Kuanzia Desemba hadi Machi, jua la mchana hupita zaidi upande wa kusini mwa Dar es Salaam, na miezi hiyohiyo upepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Ndiyo Kaskazi. Kuanzia Mei hadi Septemba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na upepo huvuma kutoka kusini-mashariki. Ndiyo Kusi. Chanzo ni kimoja: pepo hizi huvutwa kuelekea nusu ya dunia inayopata joto zaidi, kwa hiyo hulifuata jua kutoka nyuma. Matokeo yake kwako ni kwamba, katika misimu yote miwili, upepo huingia kwa ule upande wa nyumba wenye kivuli. Hewa imepoa kabla haijafika dirishani. Umepewa bure, na wewe umeweka hapo ukuta wa choo.

Hatua ya 3: Tafuta mashariki, usiibahatishe

"Mashariki ni kule kwenye ule mwembe" ni jibu la mtu anayetaka kuondoka. Fanya hivi.

Chomeka kijiti wima mahali tambarare. Saa tatu asubuhi weka jiwe kwenye ncha ya kivuli chake. Funga kamba kwenye kijiti, ipime hadi kwenye jiwe, kisha zungusha duara ardhini kwa urefu huo. Tandika mkeka, kunywa chai. Kivuli kitafupika kuelekea adhuhuri, kisha kitaanza kurefuka upande wa pili. Ncha yake itakapoligusa duara tena, weka jiwe la pili. Mstari kutoka jiwe la kwanza hadi la pili unakwenda kutoka magharibi hadi mashariki. Mstari unaoukata kwa pembe mraba ni kaskazini na kusini.

Dira ya simu inafaa pia, mradi usiisomee juu ya rundo la nondo. Chuma huipotosha, na fundi atajenga kufuata nondo zako.

Njia ya tatu iko mtaani kwako. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa pwani yetu. Longitudo yake na ya Dar es Salaam zinatofautiana kwa chini ya digrii 1. Kwa hiyo mihrabu ya msikiti wa jirani inaonyesha kaskazini, na waliouweka walikuwa makini kuliko fundi wako. Muombe imamu ruhusa kwa adabu, simama, tazama, shukuru.

Usiuondoe mkeka mapema. Ile siku moja uliyoitenga ina kazi ya pili, nayo ni kukaa. Bibi yangu kule Tanga alikuwa na mkeka mmoja na vivuli viwili: asubuhi aliutandika upande wa magharibi wa nyumba, na alasiri akauhamishia upande wa mashariki. Hakuwahi kushika dira maishani mwake. Fuata kivuli siku nzima kama alivyofanya yeye, na jioni utakuwa umekijua kiwanja chako kuliko aliyekuuzia.

Hatua ya 4: Igeuzie jua bega

Watu hulilaumu jua la saa sita. Wanalionea. Jua la saa sita liko juu ya bati, na paa lililotokeza vizuri linalimudu. Dar es Salaam iko kama digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hukaa juu ya utosi na kivuli chako hujificha chini ya miguu. Hata mwezi Juni, linapoinamia kaskazini kuliko wakati wowote, jua la adhuhuri bado liko digrii 60 kutoka usawa wa macho. Upenu wa sentimita 90 upande wa kaskazini hukinga mita moja na nusu ya ukuta kwa jua hilo, yaani dirisha zima. Upande wa kusini mwezi Desemba, upenu huohuo hukinga kama mita 3, yaani ukuta mzima.

Sasa upeleke upenu huo magharibi, saa kumi na moja jioni. Jua limeshuka, linakutazama usoni. Sentimita 90 zako zitakinga kama sentimita 30 za ukuta. Sehemu yote iliyobaki inaoka. Na tofali la saruji halisahau: hunywa joto mchana na kulitapika usiku. Ndiyo maana unaingia chumbani saa tatu usiku, jua limezama zamani, na ukuta bado una homa. Halafu unanunua kiyoyozi, na uniti za umeme zinayeyuka kama barafu ya muuza juisi.

Adui wa nyumba ya pwani, basi, ni jua la alasiri, na dawa yake ni kulionyesha ukuta mfupi, usio na dirisha kubwa. Dirisha pana la kioo lisilo na kivuli upande wa machweo ni jiko la kuokea lenye pazia.

Waliojenga Beit al-Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, mwaka 1883, waliizungushia roshani pana pande zote, na sultani alikuwa na uwezo wa kulipia roshani za namna hiyo. Wewe una bati za kupigia hesabu. Ukiilaza nyumba vizuri, utaweka upenu mpana pande mbili tu na mambo yatakwenda.

Hatua ya 5: Upepo upe mlango wa kuingia na wa kutokea

Upepo una tabia ya mgeni mwenye aibu: hauingii mahali ambapo hauoni pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja, hata liwe kubwa kama goli, hukaa na hewa ileile. Kila chumba kinachowezekana kipe matundu pande mbili. Sebule ipasue nyumba kutoka kaskazini hadi kusini, madirisha yatazamane. Vyumba visivyoweza, viwekee matundu juu ya mlango ili hewa ipite hadi ukumbini.

Usihofu kwamba Kaskazi na Kusi huja kimshazari, moja kutoka kaskazini-mashariki na nyingine kutoka kusini-mashariki. Upepo wa mshazari huingia vizuri dirishani.

Chagua dirisha kwa kazi yake. Dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni hufunguka nusu. Nusu nyingine hubaki kioo daima. Ukinunua la mita mbili, umenunua mita moja ya hewa. Luva za vioo ambazo vijana wanazicheka hufunguka karibu zote. Bawaba nazo hufunguka zote. Nyavu weka, mbu wapo.

Na ule uzio. Unalipia kiwanja chenye upepo, kisha unauzungushia ukuta wa tofali wa futi nane na kuuambia upepo upite juu. Jenga tofali kozi za chini, juu weka matofali ya matundu, hasa mashariki, kaskazini na kusini. Mwizi hawezi kupita kwenye tundu la inchi nne. Kusi anaweza.

Hatua ya 6: Kila chumba kipe upande wake

Pepo zote mbili kubwa hutoka upande wa mashariki. Jua baya liko magharibi. Mgawanyo wa vyumba unajipanga wenyewe.

Magharibi weka vitu visivyolalamika: stoo, ngazi, bafu, choo, jiko. Moshi wa mkaa, harufu ya samaki na mvuke wa bafu vitasukumwa nje ya nyumba msimu wa Kaskazi na msimu wa Kusi. Jua la jioni litalikausha bafu. Usiku upepo wa umande huvuma kutoka bara, kweli, lakini saa hizo jiko limezimwa. Stoo nayo itapata joto kwa niaba yako, na mchele hauhitaji feni.

Mashariki weka vyumba vya kulala. Jua la asubuhi litaingia, litaua ukungu na kumwamsha kijana wa kidato cha nne bila ugomvi. Kufikia jioni ukuta huo umekuwa kivulini saa sita nzima na umepoa.

Baraza, ambalo ndilo moyo wa nyumba, liweke mashariki pia, au kwenye kona ya mashariki na upande mmoja wa upepo. Baraza la magharibi hupendeza kwenye picha, lakini saa za maongezi, kuanzia saa kumi hadi magharibi, hakuna anayeweza kulikalia isipokuwa amefunika uso kwa gazeti.

Choo kina sharti lake. Muislamu hapendi kukielekea kibla wala kukipa mgongo akiwa chooni. Kwa kuwa kibla cha pwani ni kaskazini, sinki la choo litazame mashariki au magharibi. Mwambie fundi bomba kabla hajamwaga zege. Ukimwambia baada ya hapo utakaa upande maisha yako yote.

Banda la kuku, shimo la maji machafu na pipa la taka vifuate jiko, magharibi. Kama jirani wa upande huo dirisha lake liko karibu, visogeze. Upepo unaokusaidia wewe usimtese mwenzio.

Hatua ya 7: Kiwanja kikikataa, bishana nacho

"Kiwanja changu kimelala kaskazini kwenda kusini." Nimeusikia utetezi huu mara nyingi. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinaweza kubeba nyumba ya mita 14 kwa 10 ikilala upande wowote, na nafasi za kuacha kutoka kwenye mpaka zikabaki. Mpe mchoraji ramani sharti la mwelekeo kabla hajachora mstari wa kwanza, kabla ya kibali, kabla ya ramani ya kuazima kwa shemeji. Ramani ya shemeji ilikuwa nzuri kwa kiwanja cha shemeji. Ukiichukua kama ilivyo na barabara yako iko upande mwingine, chumba chake cha baridi kitakuwa tanuri lako.

Kama kweli ni chembamba hakigeuziki, basi panda. Mwarobaini, mwembe au mkungu upande wa magharibi, mita tano au sita kutoka kwenye msingi ili mizizi isikusumbue. Panda siku uliyolipia kiwanja. Wengi hujenga kwa miaka mitano, lenta mwaka huu, bati mwaka kesho kutwa. Mti haungoji mkopo. Utakapohamia utaukuta na kivuli tayari.

Kwa walio nyanda za juu

Njombe, Makete, Mufindi: geuzeni mkeka. Adui yenu ni baridi ya Juni na Julai, na miezi hiyo jua liko kaskazini. Sebule itazame kaskazini kwa madirisha mapana, na upenu wa upande huo uwe mfupi ili jua liingie hadi kwenye kochi. Upande wa kusini, unakotoka upepo wa baridi, upewe stoo na madirisha madogo. Nyumba ilale vilevile, mashariki kwenda magharibi. Aliyeko Njombe akiiga nyumba ya Mbezi Beach kwa picha, atavaa koti sebuleni.

Dodoma, kumbukeni kwamba upepo huja na vumbi. Upande unakovumia wekeni miti na ua kwanza, madirisha yanayofungika vizuri baadaye.

Kabla kamba haijakazwa

Narudi Kibaha. Geti la dada liko magharibi. Sebule na chumba chake vilikuwa vinakwenda kulitazama jua la jioni uso kwa uso, kwa heshima ya barabara ya vumbi inayopitwa na bodaboda. Nikamwomba anipe siku moja na kijiti. Alininunia. Alipoona mawe mawili chini na mstari kati yake, akanyamaza, kisha akamwita fundi.

"Fundi, tukiigeuza hapa itachukua muda gani?"

"Kung'oa vigingi na kufunga kamba upya, mama? Nusu saa. Msingi ukishachimbwa ndiyo usiniulize."

Nusu saa. Nyumba ikaionyesha barabara ukuta mfupi wa magharibi, na nyuma ya ukuta huo wakakaa stoo, bafu na jiko. Baraza likaenda mashariki, mbele ya vyumba vya kulala. Shangazi yetu alipokuja mara ya kwanza alisimama getini, mikono kiunoni, akauliza kwa sauti ya kusikika nyumba tatu: "Nyumba hii mbona imeununia mtaa?"

Mwezi wa Februari alikuja tena, alasiri, kwa miguu kutoka kituoni, kanga imelowa jasho mgongoni. Tulimpeleka barazani. Ukuta ulikuwa kivulini tangu adhuhuri na Kaskazi ilikuwa inapita. Alikaa, akavua viatu, akanyoosha miguu juu ya mkeka. Maneno aliyokuja nayo, na alikuwa nayo mengi, hakuyasema.

"Nileteeni mto," alisema, na kabla mto haujafika alikuwa amelala.